Goti limejaa tena: utatuzi wa matatizo kwa mkimbiaji anayerudi barabarani baada ya upasuaji

Kama unasoma haya huku mguu umeupandisha juu ya mto, na goti ulilofanyiwa upasuaji miezi kadhaa iliyopita limejaa tena baada ya mbio za juzi, anza na swali moja kabla ya mengine yote: mle ndani ya goti daktari alikata, au alishona?

Nauliza hivyo kwa sababu wakimbiaji wengi ninaokutana nao hapa Dar es Salaam wanajua tarehe ya operesheni yao, wanajua gharama, wanajua hata idadi ya nyuzi zilizotolewa kwenye ngozi, lakini hilo hawalijui. Na ndilo linaloamua karibu kila kitu. Kila goti lina meniski mbili, vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyokaa kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi na kupokea mshindo wa kila hatua. Meniski ikichanika, daktari anaweza kuipunguza, yaani kuiondoa ile sehemu iliyochanika, au akaishona ili ipone. Aliyepunguziwa mara nyingi huanza kukimbia kidogo kidogo kati ya wiki ya 6 na ya 12. Aliyeshonwa mara nyingi hutembelea magongo, au huzuiwa kukunja goti sana, kwa wiki 4 hadi 6 za mwanzo, na mbio humjia mwezi wa 4, wa 5, hata wa 6. Kwa nje wote wawili wana makovu yaleyale madogo mawili matatu.

Mimi nilishonwa, goti la kulia. Mwenzangu wa kundi letu la jogging alipunguziwa. Yeye alirudi barabarani wiki ya 8, nami nikaishi kwa kalenda yake badala ya karatasi niliyopewa. Wiki ya 11 nikaanza kukimbia. Nusu ya mwongozo huu nimejifunza kutokana na kosa hilo.

Kama hujui ulifanyiwa nini, rudi ukaombe ripoti ya upasuaji. Ni haki yako, na mtaalamu yeyote atakayekuona baadaye ataihitaji. Aliyejengewa ligamenti (kamba inayounganisha mifupa ya goti), aliyeshonwa kano ya kisigino au aliyewekewa vyuma kwenye mfupa naye ana kalenda yake. Dalili ninazozieleza hapa nyingi zinamhusu, tarehe hazimhusu.

Dalili za kwenda nazo hospitali leo

Shavu la mguu likivimba upande mmoja, likawa na joto, likauma ukilibonyeza au ukitembea, hasa katika wiki za mwanzo baada ya operesheni, usimwite mtu wa kukukanda. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Donge hilo likichomoka linaweza kufika kwenye mapafu: kifua kikibana, pumzi zikakatika ghafla au ukakohoa damu, hiyo ni dharura ya dakika hiyohiyo. Nalisisitiza hili la kukanda kwa sababu kwetu mguu ukivimba tu, maji ya moto yanabandikwa jikoni, na anayekukanda anakukanda kwa upendo na kwa nguvu zake zote. Mwambie asubiri mpaka daktari auone mguu.

Goti la moto lenye homa na kutetemeka, au kovu linalotoa usaha, ni dalili za maambukizi, na maambukizi ndani ya kiungo huweza kuharibu gegedu kwa siku chache tu. Goti lililokwama, yaani haliwezi kunyooka hata ukilisaidia kwa mikono, huenda lina kipande kilichoingia katikati, au mshono umeachia. Goti lililojaa ndani ya saa moja au mbili baada ya kujipinda au kusikika mlio huenda limejaa damu. Na maumivu ya mfupa yanayokuamsha usiku. Hakuna hata moja kati ya haya la kusubiri Jumatatu.

Goti halikuuma ukikimbia, lakini jioni limejaa

Hapa nitakaa muda mrefu, maana ndilo tatizo linalowarudisha wengi nyuma, na ndilo linalodanganya kuliko yote.

Jumamosi ya wiki ya 14 nilitoka na kundi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Unayezijua jogging za Dar unajua zilivyo: safu mbili mbili, fulana za rangi moja, kiongozi anaanzisha wimbo na miguu yote inaitikia. Kilomita 8 zikapita kama 3. Goti halikuuma hata mara moja. Saa nne asubuhi nilipanda ngazi bila shida. Saa moja jioni nikakaa kitandani, nikanyoosha miguu yote miwili na kuitazama kwa pamoja. Goti la kushoto lilikuwa na vishimo vyake viwili kando ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kama siku zote. La kulia halikuwa na hata kimoja. Lilikuwa limekuwa mviringo.

Jumatatu dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi, alilitazama kwanza bila kuligusa.

“Kaka, Jumamosi ulikimbia ngapi?”

“Nane. Lakini halikuuma.”

“Sijakuuliza kama liliuma.”

Kisha akanionyesha kipimo ambacho tangu siku ile nakifanya mwenyewe, nawe unaweza kukifanya sasa hivi. Kaa mguu umenyooka, paja umelilegeza kabisa. Kwa kiganja, sukuma kutoka chini ya goti upande wa ndani kwenda juu kuelekea paja, mara mbili au tatu, kama unayekamua maji kwenye kitambaa. Ule upande wa ndani utabonyea. Sasa pitisha kiganja upande wa nje, kutoka juu kwenda chini, huku macho yako yakiwa upande wa ndani. Ukiona kiwimbi kidogo kinajaa pale palipobonyea, kuna maji ndani ya goti. Ukiona maji yanarudi yenyewe hata kabla hujagusa upande wa nje, ni mengi. Fanya hivyo kwa goti zima kwanza ili jicho lijue hali ya kawaida ilivyo.

Kwa nini maji kidogo yawe shida namna hiyo? Kwa sababu goti lililojaa hukata mawasiliano na msuli wa mbele ya paja. Hata mililita 20 hadi 30, vijiko vichache vya chakula, zinatosha kuanza kuuzima ule msuli wa upande wa ndani juu ya kilegesambwa. Ubongo hauuamshi ipasavyo, hata ukikaza nia. Msuli ukizimwa, mshindo wa kila hatua unashuka moja kwa moja kwenye kiungo. Kiungo kikipigwa, kinatoa maji zaidi. Mtu anaweza kuzunguka humo miezi mingi, akiamini kwamba operesheni haikufanikiwa.

Nunua futi ya fundi cherehani. Kila asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na kila jioni, pima mzunguko wa goti katikati ya kilegesambwa, mguu ukiwa umenyooka, na uandike. Siku za kwanza namba zitayumba kwa sababu mkono haujazoea; endelea. Mimi nilijiwekea mpaka wa sentimita 1 juu ya kawaida yangu ya asubuhi.

Ukishakuwa na daftari hilo, sababu huanza kujionyesha. Goti lililoongezeka kidogo jioni na kurudi asubuhi linakwambia kipimo cha jana kilikuwa karibu na ukomo wake: rudia kipimo hichohicho, usiongeze. Likibaki limejaa asubuhi, kipimo kilizidi. Pumzika mpaka lirudi, kisha shuka kwenye kiasi cha mwisho ambacho halikujaa. Likiwa linajaa kila wiki zaidi ilhali mbio ni zilezile, acha kuziangalia mbio na uangalie siku nzima. Nilimshauri kijana mmoja apunguze kilomita mara mbili bila mafanikio yoyote, mpaka tukagundua kwamba kila jioni anasimama kwenye daladala saa moja na nusu kutoka Kariakoo hadi Mbagala, goti likiwa limekunjwa nusu.

Kulishusha: mguu juu, bandeji ya kuvuta isiyobana sana, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya moto yaache mpaka uvimbe uishe. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, usiitumie kununulia ruhusa ya kukimbia. Inanyamazisha ile taarifa unayoihitaji, inaumiza tumbo, na mwilini mwa mtu aliyekaukiwa maji kwenye joto letu inaelemea figo. Kama daktari amekuandikia, meza kama alivyoandika, na siku hizo usijaribu mbio.

Sasa hesabu ndogo. Kila hatua ya mbio hutua ardhini kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kwa kilomita zangu 8, mwendo wa dakika 6 kwa kilomita na hatua 170 kwa dakika, nilipiga hatua 8,160. Goti la kulia lilipokea 4,080. Wiki iliyotangulia lilikuwa halijawahi kupokea hata 1,000 kwa siku. Nikiitazama hesabu hiyo sasa, ninachoshangaa ni kwamba lilijaa kidogo vile.

Kipimo cha kuanzia ni kidogo kuliko moyo unavyotaka. Kwanza tembea kwa kasi dakika 30, siku tatu tofauti, bila goti kuongezeka. Kisha: dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara 8. Hiyo ni dakika 8 tu za mbio, hatua 680 kwa goti. Siku inayofuata usikimbie. Ukirudia mara mbili au tatu na goti likanyamaza, ongeza kitu kimoja: ama dakika za kukimbia, ama marudio. Mwendo wa kasi na vilima ngoja mpaka uweze kukimbia nusu saa mfululizo.

Pamoja na hayo, paja. Kaa kwenye kiti cha kawaida cha kulia chakula, inua mguu mmoja, simama kwa ule mwingine bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena taratibu. Hesabu. Mguu wangu mzima ulifanya 18. Uliopasuliwa ulifanya 5, na mara ya 5 nilidondoka kwenye kiti. Nilikuwa nakimbia kilomita 8 kwa mguu huo. Lengo ni mguu dhaifu ufike angalau asilimia 90 ya mwenzake. Mazoezi yenyewe hayahitaji jimu: kuinuka kwenye kiti, kushuka ngazi moja taratibu kwa mguu mmoja, na ukizoea, begi mgongoni lenye dumu la lita 5 lililojaa maji, ambalo ni kama kilo 5. Seti 3 za mara 8 hadi 12, siku 3 kwa wiki. Aliyeshonwa asianze haya kabla ya kuruhusiwa kubeba uzito goti likiwa limekunjwa.

Maumivu mbele ya goti, hasa ukishuka ngazi au ukikaa muda mrefu

Hapa goti halijai, linauma tu nyuma au kando ya kilegesambwa. Karibu kila mara ni paja na nyonga ambazo hazijarudi, pamoja na hatua ndefu. Mtu aliyekaa miezi bila kukimbia hurudi na picha ya mwendo wake wa zamani kichwani: anarusha mguu mbele, kisigino kinatua mbali na mwili, goti likiwa limenyooka. Linapokea breki badala ya mshindo.

Dawa yake inashangaza kwa urahisi. Hesabu mara ngapi mguu wa kulia unatua kwa sekunde 30, zidisha kwa 4. Ukipata 40, hatua zako ni 160 kwa dakika. Ongeza asilimia 5, yaani 168, bila kuongeza kasi. Hatua zinakuwa fupi na mzigo wa goti na nyonga unapungua. Asilimia 5 hadi 10 inatosha. Zaidi ya hapo pumzi inachoka bure. Jihadhari tu na nyimbo za kundi. Wimbo una mapigo yake, na miguu yote inaufuata. Ukiimba, utakimbia hatua za kiongozi. Mimi katika miezi ile ya kurudi nilikuwa nakaa nyuma kabisa na kuitikia kwa mdomo tu, miguu ikienda kwa hesabu yake.

Mguu uliopasuliwa umetulia, sasa unauma ule mzima

Mwaka 1984 Joan Benoit wa Marekani alifanyiwa upasuaji wa goti la kulia kwa njia ya matundu siku 17 tu kabla ya mashindano ya marathoni ya kuchagua timu ya Olimpiki. Katika kukimbilia kurudi, aliulinda mguu wa kulia kiasi kwamba akaumiza msuli wa nyuma ya paja la kushoto. Alishinda mashindano yale, na tarehe 5 Agosti, mjini Los Angeles, akashinda marathoni ya kwanza ya wanawake katika historia ya Olimpiki kwa saa 2:24:52. Watu hunitajia habari hiyo kama ushahidi kwamba wiki mbili zinatosha. Hakushonwa kitu kilichohitaji kuunga. Mimi ninachokichukua kwake ni lile paja la kushoto: hata mkimbiaji bora duniani alipoulinda mguu mmoja, mwingine ulilipa.

Kama ni hivyo kwako, kuna mambo matatu ya kukagua. La kwanza, nguvu. Rudi kwenye kiti. La pili, barabara. Lami imeinuka katikati na kushuka pembeni ili maji ya mvua yatiririke. Ukikimbia upande wa kulia kutazamana na magari, kama inavyopasa, mguu wako wa kulia uko chini siku zote na wa kushoto uko juu. Kwa mtu mzima ni jambo dogo, kwa anayerudi si dogo. Tafuta njia tambarare ya vumbi, au uwanja, na kwenye uwanja badilisha upande wa kuzunguka. Ufukwe ni mbaya zaidi: mchanga umeinamia baharini, na ule mkavu unazamisha kisigino kila hatua.

La tatu ni viatu, na hapa nataka kusema wazi, maana wengi wetu tunavaa mtumba, mimi nikiwemo. Kiatu cha mbio cha mtumba kinaweza kuwa kizuri cha kutosha, lakini kimeshakunjwa na mguu wa mtu mwingine. Kiweke juu ya meza, kiangalie kwa nyuma kwa usawa wa macho. Kikiinamia ndani au nje, kiache. Bonyeza soli ya kati kwa kidole gumba pembeni, chini ya kisigino. Ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyojipanga, sponji yake imekufa hata kama kwa juu kinang'aa. Muuzaji atakuwa amekiosha vizuri. Kuosha hakurudishi sponji.

Kisigino kinakaza asubuhi

Hatua kumi za kwanza kutoka kitandani unatembea kama mzee, kisha kunalegea. Bonyeza: maumivu yakiwa nyuma, kwenye ile kamba nene juu ya kisigino, ni kano. Yakiwa chini ya wayo, mbele kidogo ya kisigino, ni utando wa unyayo. Sababu ya yote mawili mara nyingi ni moja: shavu la mguu lililonyauka ndani ya POP (plasta ngumu) au kwa kutembelea magongo, kisha likarudishwa kazini kwa haraka.

Kano haipendi kupumzishwa kabisa, na haipendi kushtukizwa. Endelea kuipa mzigo, lakini mzigo wa taratibu. Simama kwa mguu mmoja, vidole ukutani kwa ajili ya mizani tu, panda kwenye ncha za vidole kwa sekunde 3, shuka kwa sekunde 3. Mtu mwenye mguu mzima hufika mara 20 hadi 25. Ukiishia 8, umeshajua kwa nini kano inalalamika. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika, mradi asubuhi inayofuata ule ukazaji uwe uleule au umepungua. Ukizidi, punguza. Vilima, mchanga na kasi viache kwanza. Kano hujibu kwa wiki na miezi. Usibadilishe zoezi kila siku tatu kwa kuona halifanyi kazi.

Muundi unauma

Tumia kidole kimoja. Pitisha ukingo wa ndani wa mfupa wa muundi kutoka juu hadi chini. Maumivu yakiwa yametawanyika sehemu ndefu kama kiganja, na yakipungua ukipasha mwili, ni mvutano wa misuli na ngozi ya mfupa: punguza nusu ya mbio kwa wiki mbili, imarisha shavu la mguu. Maumivu yakiwa mahali pamoja unapoweza kupafunika kwa ncha ya kidole, yakizidi kadiri unavyokimbia, na ukirukaruka kwa mguu huo yanakuchoma palepale, hesabu kwamba mfupa una ufa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Acha kukimbia. Eksirei ya wiki za mwanzo inaweza kuonyesha mfupa safi kabisa huku ufa upo, hivyo jibu la “hamna kitu” lisikurudishe barabarani kama dalili zinaendelea.

Hili hutokea sana wiki chache baada ya mtu kujiona amepona, na kuna sababu. Pumzi hurudi kwa wiki. Mwezi mmoja wa baiskeli au kuogelea unakupa kifua cha kukimbia kilomita 10. Mfupa unaopewa kazi mpya kwanza hubomoa sehemu zake za zamani, halafu hujenga, na mzunguko huo huchukua miezi mitatu hivi au zaidi. Katikati ya kubomoa na kujenga ndipo unapokuwa dhaifu, na ndipo kifua kinapokwambia ongeza.

Dada zangu, na hili naliandika kwa msisitizo: kama hedhi imekoma au inaruka miezi tangu uanze kupunguza uzito ulioongezeka ukiwa umelala, mwambie daktari kabla ya kuongeza kilomita. Mwili usiopata chakula cha kutosha haujengi mfupa. Wanaume nao hawajasalimika. Baada ya upasuaji mwili unahitaji chakula zaidi: maharage, dagaa, mayai, maziwa, kila siku. Kufunga mlo ili “kukata tumbo” katika miezi hii ni kuujengea muundi ufa.

Miguu iko sawa, pumzi haipo

Sababu ya kawaida hapa kwetu ni joto. Miezi bila jasho inauondolea mwili mazoea yake, na kuyarudisha huchukua siku 10 hadi 14 za mazoezi mepesi kwenye joto lenyewe. Ukiona baada ya wiki tatu bado unahema kwenye mwendo wa kuongea, moyo unadunda ukipanda ngazi na viganja vimepauka, nenda kapime wingi wa damu na malaria. Operesheni, malaria na hedhi nzito kila kimoja kinaweza kuishusha damu, na hakuna mazoezi yanayoitibu.

Mengine ya haraka

Ganzi kuzunguka kovu: vineva vidogo vya ngozi vilikatwa, ni kawaida, na sehemu nyingine huenda isirudi kabisa. Goti linalialia bila maumivu wala uvimbe: liache lilie. Goti linaachia ghafla ukishuka: likiwa limejaa maji, huenda ni ule msuli uliozimwa, kama halijajaa na bado linaachia, rudi kwa daktari akapime ligamenti. Maumivu ya upande wa nje wa goti yanayoanza kilomita ileile kila mara, zaidi ukiteremka: ishia kabla ya kilomita hiyo, fupisha hatua, imarisha nyonga kwa kulala ubavu na kuinua mguu.

Kila kipimo kiko sawa, lakini huthubutu

Goti halijai, kiti umefika 17 kwa 18, daktari ameruhusu, na bado ukifika kwenye shimo la barabarani unasimama na kulizunguka kama mtu aliyebeba mayai. Hili nalo ni dalili, lina sababu, na halitibiwi kwa kuambiwa ujikaze. Mwili unakumbuka siku ulipoumia. Ulionyeshwa kwa nguvu kwamba goti linaweza kuachia. Unahitaji kuonyeshwa mara nyingi, kwa vipimo vidogo, kwamba linashika.

Mimi nilianzia kwenye mkeka sebuleni. Kuruka kwa miguu miwili, kutua kimya. Nikisikia kishindo, narudia mpaka nitue bila sauti. Baada ya wiki, kuruka kwa miwili na kutua kwa mmoja. Kisha mmoja kwa mmoja, mahali palepale. Kisha mbele hatua moja, kupima kwa futi ileile ya cherehani: kushoto sentimita 118, kulia 74. Niliziandika ukutani kwa penseli. Wiki sita baadaye kulia kulisoma 109, na siku hiyohiyo jioni nilivuka mfereji mdogo karibu na nyumbani bila kufikiri, nikakumbuka nikiwa nimeshafika ng'ambo.

Kundi nililirudia mwezi wa 7. Nilimwambia kiongozi usiku uliotangulia, kwa simu, kwamba nitakimbia kilomita 4 na kuishia pale, na kwamba asinisubiri wala asinipigie makofi ya kunihamasisha. “Sawa mdogo wangu,” akasema, “nitakupanga nyuma na mzee.” Asubuhi niliweka noti ya elfu moja ndani ya soksi. Kilomita ya 4 ilipofika, wimbo ulikuwa ndio kwanza umekolea. Nikatoka kwenye safu, nikavuka barabara, nikasimama kituoni na noti yangu iliyolowa jasho nikisubiri daladala, huku sauti zao zikipungua kuelekea darajani. Jioni goti lilisoma sentimita 38.5. Asubuhi, 38.5.